Malkia Aliyetoka Mapema

Kila siku baada ya shule, Irambona alikuwa na kazi moja kabla ya kuruhusiwa kwenda kucheza. Alitakiwa kuchota maji. Robine, yaani mabomba ya maji ya mtaa wa Mulongwe, zilikuwa zimekauka tena, kwa hiyo wenyeji wote walishuka ziwani na bidoni zao, madumu ya njano. Ukishachota, unapanda hadi kwenye meza ya dawa, alipoketi mtu wa kujitolea mwenye bomba la sindano lisilo na sindano, naye anakutilia dawa ya klore ndani ya bidoni. Halafu unakwenda nyumbani, unayaacha maji yatulie nusu saa, ndipo mnakunywa. Hata Bruno, mdogo wake Irambona ambaye alikuwa hajaanza shule, aliweza kuyasema hayo yote bila kukosea.

Tatizo lilikuwa foleni. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za avenyu ya chini, barabara ya ufukweni, watu waliohamia juu walikuwa wengi na meza ya dawa ilibaki moja. Akina mama walipanga bidoni zao chini, wakaketi juu yake na kupiga soga, kana kwamba hakuna mtu nyuma yao mwenye haraka. Irambona alikuwa na haraka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na huko mtaa wa Kasenga wenzake walikuwa wameshapanga kete za sataranji. Wiki ile alianza kuipita foleni pembeni. Maji ya ziwa yalikuwa meupe na ya kupendeza, naye alijiambia kwamba maji safi namna hiyo hayawezi kuwa na kitu ndani.

Nyumbani alimkuta bibi yake, Pudentienne, akichambua maharage mlangoni. Bibi aliuliza swali lake la kila siku.

“Iko na dawa?”

“Iko nayo, Nyogokuru.”

Walimwita hivyo, kama watu wa uwanda wa Ruzizi wanavyowaita bibi zao. Yeye ndiye aliyeshika nyumba kila mama yao, Apollinarie, alipokwenda kuuza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, kwenye masoko ya uwanda, Luvungi na kwingineko, safari ambazo zilichukua siku kadhaa. Bibi alikuwa mtu wa methali. Aliyoipenda kuliko zote ni ile isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, naye aliitumia mara nyingi sana, hasa juu ya majirani. Irambona alitua bidoni, akampapasa Bruno kichwani, akatoka mbio.

Mchezo wa sataranji ulikuwa umeingia Kasenga kwa mkono wa Mwalimu Révérien, mwalimu wa hesabu, mkali wa macho na mpole wa sauti. Alipanga mbao kwenye baraza ya ukumbi wa parokia. Mbao zenyewe zilikuwa makatoni yaliyochorwa miraba, na kete walizichonga wanafunzi kwa mikono yao, ndiyo maana farasi wengine walifanana na mbuzi. Majina walijifunza kwa Kifaransa. Kwa hiyo kete ambayo kwingine huitwa askofu, wao waliiita kichaa, na watoto wa parokia walishukuru, maana hakuna aliyetaka kumla askofu.

Irambona alikuwa na ufunguzi mmoja tu, yaani njia moja ya kuanza mchezo, na aliupenda kama mtu anavyompenda rafiki anayemfanyia kazi za nyumbani. Uliitwa pigo la mchungaji. Unasogeza askari aliye mbele ya mfalme, unamtoa kichaa upande mmoja na malkia upande mwingine, na wote wawili wanamlenga yule askari mnyonge wa mwenzako ambaye hana mlinzi ila mfalme wake. Mwenzako akisinzia kidogo tu, malkia wako anaingia, mfalme anafungwa, mchezo umekwisha hata kiti hakijapata joto. Kwa pigo hilo Irambona aliwashinda karibu wanafunzi wote wa Kasenga, na wengine waliondoka wakilia.

Mwalimu Révérien hakulipenda. Yeye alifundisha ufunguzi wa Kiitaliano. Unaweka askari katikati, unamtoa farasi, unamtoa kichaa, unamficha mfalme nyuma ya mnara, kisha ndipo unauliza vita viko wapi. Alifundisha pia ule wa Kihispania kwa wenye subira, na ulinzi wa Kifaransa kwa wanaoweza kuvumilia kubanwa bila kulalamika. Alisema ufunguzi mzuri kwa anayejifunza si ule unaoshinda upesi. Mzuri ni ule ambao hata ukishindwa, unajua umeshindwa kwa sababu gani, na kesho unacheza vizuri zaidi. Wanafunzi waliitikia kwa heshima, kisha wakarudi kumwomba Irambona awafundishe pigo lake.

“Weye unamupenda malkia sana,” Mwalimu alimwambia Alhamisi ile. “Lakini angalia hawa wengine. Farasi iko nalala. Mnara iko nalala. Siku moja utakutana na muntu asiyeogopa, na malkia wako atakuwa peke yake.”

“Lakini ninashindaka, Mwalimu.”

“Unashindaka, ndiyo. Hiyo njo shida yako.”

Irambona alicheka. Hakuona shida gani ilikuwepo katika kushinda. Jumamosi wachezaji wa mtaa wa Kimanga wangekuja kushindana nao, na mshindi wa vijana angepewa seti ya sataranji ya mbao, yenye farasi wanaofanana na farasi. Alikuwa ameshachagua mahali pa kuiweka nyumbani, juu ya sanduku la nguo za mama, mbali na mikono ya Bruno.

Kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani, Mwalimu aliwasimamisha wote. Kipindupindu kilikuwa kimeanza tena katika mitaa iliyo karibu na ziwa. Aliwaomba wenye mgonjwa nyumbani wasije Jumamosi, na wamwambie bila kuona haya, maana michezo itakuwepo mingine. Watoto waliitikia kwa sauti moja. Irambona naye aliitikia, na siku ile aliitikia kwa moyo wote.

Ijumaa aliporudi kutoka shuleni, mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa mchana. Ndani kulinuka. Bruno alilala kwenye mkeka karibu na ndoo, na bibi alikuwa akimfuta kwa kitambaa. Alianza kuharisha asubuhi, bibi alisema, na sasa kilichotoka kilikuwa maji matupu, meupeupe kama maji ya kuoshea mchele. Alikuwa ametapika pia. Alipomwona dada yake, aliomba maji.

“Usimupe,” bibi alisema. “Ukimupa, iko napita tu. Tumbo inapashwa kukauka kwanza.”

Hivyo ndivyo bibi alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo wengi wanavyoamini hadi leo, wakimnyima mgonjwa kile kile anachokufa kwa kukikosa. Bruno aliomba tena, kisha akanyamaza.

Bibi alisema wamwite mama Noella, mhudumu wa afya wa avenyu yao, ambaye nyumba yake ilionekana kutoka mlangoni. Irambona alisimama katikati ya chumba, na mawazo yakamjia upesi kama yalivyozoea. Mama Noella akija, atatuma habari kwenye kituo cha kipindupindu. Wataletwa watu wenye mabuti na pampu mgongoni, wapulize nyumba nzima, na mtaa wote utajua kabla ya jioni. Mwalimu atajua. Jumamosi itakuwa imekwenda. Wazo jingine, lile la bidoni alizozipitisha kando ya meza ya dawa, lilikuja pia, lakini alilifukuza kabla halijakaa.

Akamwambia bibi kwamba hizo ni embe tu, Bruno alikula embe mbichi nyingi jana. Akakimbia hadi kwa muuza dawa mwenye sinia kwenye kona ya soko, akaomba kitu cha nguvu cha kukata kuharisha, akapewa kidonge kimoja chenye rangi mbili. Kidonge kikali, pigo moja, na mambo yamekwisha. Bruno alikimeza kwa funda dogo la maji, lile tu aliloruhusiwa.

“Tungoje mpaka kesho mangaribi, Nyogokuru,” alisema. “Nikimaliza kucheza, minye mwenyewe nitamwita mama Noella.”

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Alijua kusoma uso wa mtoto, na huenda aliyasoma yote. Lakini na yeye alikuwa na hofu yake. Mwaka mmoja nyumba ya muuza samaki jirani yao ilipopulizwa dawa, hakuna aliyenunua ndagala wake msimu mzima, na hatimaye alihama. Apollinarie alikuwa na mzigo wa samaki Luvungi, na chakula chao chote kilitoka kwenye mzigo ule. Bibi aliufunga mlango tena. Methali yake aliyoipenda hakuisema siku ile.

Asubuhi ya Jumamosi Bruno hakuwa akiharisha sana, na Irambona alitaka kuamini kwamba kidonge kimefanya kazi. Lakini macho ya mtoto yalikuwa yamezama ndani, na ngozi ya vidole vyake imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua. Alipomwita, Bruno alifungua macho bila kumtazama. Irambona aliyaona hayo yote. Aliyaona, akafunga kamba za viatu vyake.

Bibi hakutoka kumsindikiza mlangoni kama kawaida yake. Alibaki nyuma ya pazia, na sauti yake ilitoka ndogo.

“Nenda. Ucheze vizuri.”

Kwenye baraza ya parokia kulikuwa na ndoo ya maji ya klore na sabuni. Mwalimu Révérien alisimama pale, akamwuliza kila mtoto swali lile lile kabla ya kumruhusu kupita. Irambona alinawa mikono vizuri sana, vidole, viganja, hata kucha.

“Nyumbani wote wazima?”

“Wazima, Mwalimu.”

Alishangaa jinsi jibu lilivyotoka kirahisi, kama lile la kila siku kwa bibi.

Alipangiwa kucheza na Ninahazwe wa Kimanga, msichana mfupi mwenye sare iliyofifia, ambaye alimsalimu, akaketi, akakunja mikono. Irambona alicheza na kete nyeupe. Alisogeza askari wake, mwenzake akasogeza wa kwake. Akamtoa malkia moja kwa moja, hadi ukingoni. Ninahazwe hakushtuka. Alimtoa farasi. Irambona akamtoa kichaa, akiwa ameshaanza kutabasamu, maana hapo ndipo wengi walipokuwa wakikosea. Ninahazwe alifikiri kidogo, kisha akasogeza askari mdogo mbele ya malkia, kama mtu anayemwambia mgeni asogee, anataka kufagia.

Malkia akarudi nyuma na kutisha upande mwingine. Ninahazwe akamtoa farasi wa pili, na kitisho kikafa. Malkia akaenda kando. Farasi wa kwanza akaruka tena na kumkabili. Malkia akakimbia. Kila malkia alipokimbia, kete nyingine ya Ninahazwe ilitoka na kukaa mahali pake, bila haraka, mpaka upande wote wa Kimanga ulikuwa macho na unafanya kazi.

Ndipo Irambona aliutazama upande wake. Ukiondoa malkia, kichaa mmoja na askari mmoja, wote walikuwa wamesimama pale pale walipopangwa. Farasi wawili, minara miwili, kichaa wa pili. Hakuna aliyetoka. Mfalme alikuwa amekaa katikati yao, mlango wazi mbele yake.

Mawazo yake yakaondoka kwenye mchezo, yakaenda nyumbani. Alimwona Bruno kwenye mkeka. Mama Noella alikuwa nyumbani kwake, hajaitwa. Muuguzi alikuwa kituoni, hajaitwa. Jirani mwenye pikipiki alikuwa chini ya mti wake akisubiri abiria. Wote walikuwepo, na hakuna aliyetoka, kwa sababu yeye Irambona alitoa kidonge kimoja cha rangi mbili na kukiacha kipigane peke yake. Kisha akakumbuka sauti ya bibi nyuma ya pazia, jinsi ilivyokuwa ndogo, na aliogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa maishani.

Alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, na watu wakageuka.

“Unaacha?” Ninahazwe aliuliza.

Irambona alimpita pembeni. Alikwenda hadi kwa Mwalimu, na maneno yakamtoka mbele ya watoto wote. “Nilikudanganya. Bruno iko naharisha tangu jana. Na maji ya kwetu haina dawa. Minye njo niliruka foleni.”

Mwalimu Révérien hakupaza sauti. Uso wake ulibadilika tu, ukawa wa mtu mzee kidogo kuliko alivyokuwa. Aliwaambia watoto wote wanawe mikono tena na kuziloweka kete katika ndoo ya klore, akamwachia mwalimu mwenzake wa Kimanga usimamizi, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

Walipofika nyumbani kwa Irambona, mlango ulikuwa bado umefungwa. Bruno alikuwa amelegea kama nguo iliyotoka majini. Mwalimu alimnyanyua mara moja, akamwambia Irambona amwite mama Noella, na Irambona alikuwa ameshageuka kukimbia aliposikia kitu nyuma ya pazia. Alilivuta.

Bibi Pudentienne alikuwa amelala na uso umeelekea ukutani, na ndoo ya pili pembeni yake. Alikuwa ameanza kuugua alfajiri. Hakusema, kwa sababu angesema, mtoto asingekwenda kucheza, na nyumba ingejulikana, na samaki wasingenunuliwa. Alijitahidi kugeuka.

“Ulishinda?” aliuliza.

Irambona alitoka mbio kumwita mama Noella, na kwa pikipiki wakawapeleka wagonjwa wote wawili kituoni.

Kituo cha kipindupindu kilikuwa mahema yaliyozungushiwa uzio, na mlangoni ulikanyaga zulia lililolowa klore. Vitanda vilikuwa na tundu katikati na ndoo chini ya tundu. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Venant. Alitafuta mshipa kwenye mkono wa Bruno, hakuupata, akatafuta tena, na wakati wote huo Irambona alisimama akiutazama uso wa muuguzi. Hatimaye sindano iliingia na maji ya chupa yakaanza kudondoka. Upande wa pili, mwenzake Venant alikuwa akifanya vivyo hivyo kwa bibi.

Venant alipopata nafasi aliuliza mtoto alipewa nini. Irambona alitaja kidonge. Muuguzi aliuliza kama alipewa maji ya kunywa, naye akasema hapana, walimnyima. Venant alifumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jibu lile mara nyingi mno. Akamweleza kwamba kipindupindu huua kwa kumkausha mtu, na kazi ya kwanza, tangu choo cha kwanza kabisa, ni kumrudishia maji. Unampa maji yaliyotiwa dawa ya pakiti, au sukari na chumvi kama pakiti haipo, kidogo kidogo, bila kuacha hata akitapika, huku unamleta kituoni. Ungemleta jana, alisema, angekunywa tu vikombe vyake na kulala vizuri. Hakulisema kwa ukali, lakini Irambona alilisikia hivyo.

Bruno alifungua macho jioni, akamtazama dada yake, safari hii akamwona. Aliomba maji, akapewa kikombe kizima, kisha kingine.

Bibi hakufungua macho. Alikuwa mzee, alisema Venant, na figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi kabla ya kufika. Alifariki Jumapili, wakati kengele za parokia zikiita watu kwenye misa.

Apollinarie alifika Jumatatu kutoka Luvungi, vumbi la barabara likiwa bado kwenye kanga yake. Hakuruhusiwa kumwosha mama yake. Wazishi walikuja na magauni ya kujikinga na glavu ndefu, wakampuliza bibi klore, wakamfunga ndani ya mfuko mzito, na familia ilisimama mbali na kaburi. Hakukuwa na kilio cha usiku mzima wala chakula cha msiba. Apollinarie alisimama akiwa amefumbata mikono yake mwenyewe, maana hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Waliporudi nyumbani, kukiwa bado kunanuka klore, Irambona alipiga magoti mbele ya mama yake na kumwambia yote. Alisema habari ya foleni, ya uongo kwa bibi kila siku wiki ile, ya kidonge, na ya kamba za viatu alizozifunga huku akimwona Bruno. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakumpiga, na Irambona alitamani ampige. Asubuhi yake alichukua bidoni mbili, akampa binti yake moja.

“Twende,” alisema.

Wakashuka ziwani, wakachota, wakasimama kwenye foleni ya dawa. Ilikuwa ndefu kuliko siku zote, kwa kuwa habari ya bibi ilikuwa imezunguka mtaa. Wengine waliwasogelea kutoa pole, wengine walisogea mbali. Mama na mtoto walisimama hadi zamu yao ilipofika.

Siku za kwanza hakuna aliyenunua ndagala wa Apollinarie, kama bibi alivyohofia. Kisha asubuhi moja mama Noella, yule mhudumu wa afya, alikuja mezani kwake sokoni, akanunua sahani iliyojaa mbele ya watu wote, akasimama pale pale akieleza kwa sauti kwamba nyumba iliyopulizwa dawa ni safi kuliko nyingi ambazo hazijapulizwa. Wateja walirudi mmoja mmoja. Bibi aliificha nyumba yake kwa ajili ya samaki wale, na sasa walikuwa wakinunuliwa ugonjwa ukiwa umejulikana na kila mtu.

Irambona hakurudi kwenye baraza ya parokia. Seti ya mbao ilikwenda Kimanga na Ninahazwe, na hakuiwazia tena. Mwalimu Révérien alisubiri, kisha akaja mwenyewe nyumbani na ubao wa katoni kwapani. Apollinarie alimpa kiti, akaketi naye. Mwalimu aliuliza hali ya Bruno, ambaye alikuwa mwembamba lakini anakimbia. Halafu akamgeukia Irambona, aliyekuwa akitazama sakafu.

“Sikukuja kukuambia kwamba huna kosa,” alisema. “Utajua ninakudanganya, na sisi wawili uongo umetutosha. Hakuna muntu anajua ni maji gani ilileta ugonjwa. Avenyu nzima iko nakunywa ziwa. Lakini foleni uliruka, na ukweli ulificha. Hiyo iko yako, utabeba. Ila kuna kingine pia iko yako. Ulisimama mbele ya watu na kusema. Ungengoja mchezo uishe, Bruno hangekuwa hapa.”

Irambona alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mwalimu alimwacha alie. Alipotulia, aliuweka ubao juu ya kiti na kupanga kete taratibu.

“Nilikuambia malkia atakuwa peke yake. Nilidhani ninafundisha mchezo tu.” Akanyanyua askari mmoja. “Ugonjwa huu haushindwi kwa pigo moja la nguvu, mtoto wangu. Unashindwa na vitu vidogo vinavyotoka mapema. Klore kwenye bidoni. Sabuni. Maji ya chumvi na sukari tangu choo cha kwanza. Jirani anayeitwa mchana, mlango ukiwa wazi. Na ukweli utoke wa kwanza kabisa, maana ukilala, wengine wote wanalala. Usisubiri mfalme abaki peke yake ndiyo uanze kuwaamsha.”

Apollinarie, ambaye hakujua jina la kete hata moja, alitikisa kichwa polepole. Akasema mama yake alikuwa na methali ya jambo hilo hilo, na alikuwa akiwaambia watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Hakuitaja. Wote watatu waliijua.

Mwalimu aliuacha ubao pale alipoondoka. Ulikaa siku kadhaa bila kuguswa, hadi alasiri moja Bruno alipouvuta katikati ya chumba na kumwomba dada yake amfundishe. Irambona aliketi mkekani. Alimwonyesha askari wa katikati, kisha farasi, kisha kichaa, kisha jinsi mfalme anavyojificha nyuma ya mnara. Ni ule ufunguzi wa Kiitaliano aliokuwa akiucheka. Bruno aliushika upesi, lakini kidole chake kilikuwa kikirudi kwa kete moja.

“Na huyu malkia, atatoka lini?”

“Wakati wake utafika,” Irambona alisema. “Wengine kwanza.”

Walicheza hadi Bruno akasikia kiu. Alikwenda kwenye bidoni, akachukua kikombe, kisha akasimama nacho mkononi, akamtazama dada yake. Tangu bibi aondoke, swali lile alikuwa amelichukua yeye.

“Iko na dawa?”

“Iko nayo,” alisema Irambona. Bruno akakinga kikombe, akanywa.